Maneno ya Kiingereza cha Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaokumbana na Kiingereza cha zamani kazini au darasani: mwanafunzi mwenye tamthilia ya Shakespeare mkononi, mhubiri anayelinganisha Biblia ya King James na ya Kiswahili, karani wa wakili, mfasiri. Maswali yanaanza na ya msingi na kuishia na yale yanayomsumbua mtu mara moja moja. Maneno ya Kiingereza yameandikwa kwa italiki.

## Mambo ya msingi

Je, Shakespeare aliandika "Old English"?

Hapana, ingawa kosa hili utalisikia hata kwa walimu. Kiingereza cha Kale (*Old English*) ni kile kilichosemwa kuanzia karibu mwaka 450 hadi 1100 hivi. Mwingereza wa leo hakielewi asipokisoma darasani kama mtu anavyosoma lugha ya kigeni. Utenzi wa *Beowulf* ni wa huko. Kisha kikaja Kiingereza cha Kati, hadi karibu 1500. Hicho ndicho cha Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Shakespeare na Biblia ya King James ya 1611 wako katika kipindi cha tatu, kinachoitwa Kiingereza cha Mwanzo wa Usasa, kati ya 1500 na 1700.

Kwa hiyo karibu kila neno "la zamani" litakalokusumbua ni la kipindi hiki cha tatu, au ni neno kongwe zaidi lililosalia hadi wakati huo. Hiyo ni nafuu kubwa. Sarufi yake ni ileile ya leo kwa sehemu kubwa, na anayejua Kiingereza cha shule anahitaji maneno mia kadhaa tu ili asome bila kukwama kila mstari.

Neno la kizamani na neno lililokufa ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Neno la kizamani bado linaeleweka na hutumika pale mtu anapotaka ladha ya kale, katika sala, mashairi au mzaha. *Thou* ni mfano. Neno lililokufa halitumiki tena na wengi hawalijui. Kamusi ya Oxford, ile kubwa inayojulikana kama OED, huweka alama ya kisu, †, mbele ya kilichokufa.

Angalia alama hiyo imewekwa wapi. Ikiwa mbele ya neno lenyewe, neno zima limekufa. Ikiwa mbele ya namba ya maana, neno liko hai ila maana hiyo moja ndiyo imekufa. Hali hii ya pili ndiyo yenye mitego, na tumeipa sehemu yake chini, "Maneno yanayodanganya".

Kwa nini maneno hufa?

Sababu rahisi ni kwamba kitu chenyewe kimetoweka. Hakuna anayevaa *habergeon*, fulana ya deraya, kwa hiyo neno limekwenda na vazi lake.

Sababu ya pili ni ushindani. Baada ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa walisema Kifaransa kwa vizazi kadhaa, na maneno mengi ya wenyeji yakasukumwa nje. Mfano unaomgusa Mswahili ni ukoo. Kiingereza cha Kale kilikuwa na *eam* kwa mjomba, ndugu wa mama, na *fædera* kwa ndugu wa baba. Shangazi alikuwa *faðu*, na dada wa mama *modrige*. Wote wanne wakamezwa na maneno mawili ya Kifaransa, *uncle* na *aunt*, na tangu hapo Mwingereza akitaka kutofautisha mjomba na baba mdogo hana budi kueleza kwa sentensi nzima.

Sababu ya tatu ni kugongana kwa sauti. *Let* ya "kuruhusu" na *let* ya "kuzuia" zilikuwa maneno mawili tofauti katika Kiingereza cha Kale, *lætan* na *lettan*. Zilipofikia kutamkwa sawasawa, lugha haikuweza kubeba neno moja lenye maana mbili zinazopingana, ikamwacha mmoja afe. Alibaki wa kuruhusu, lakini yule mwingine bado anajitokeza katika hati. Tazama swali la pasipoti.

## Thou na wenzake

Thou, thee, thy, thine na ye zinatofautianaje?

Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana tofauti hii anayo tayari: ni wewe na ninyi.

Umoja: *thou* ni wewe unayetenda, *thee* ni wewe unayetendwa, *thy* ni -ako. *Thine* pia ni -ako, ila hutumika kabla ya irabu, *thine eyes*, au linaposimama bila nomino, kama "yako" peke yake. *My* na *mine* zilifuata kanuni ileile.

Wingi: *ye* ni ninyi mnaotenda, *you* ni ninyi mnaotendwa, *your* ni -enu. Yohana 8:32 inazo zote mbili katika sentensi moja: *ye shall know the truth, and the truth shall make you free*.

Faida ya kujua hili inaonekana katika Luka 22:31–32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani *hath desired to have you*, kisha anaendelea, *but I have prayed for thee*. *You* ya kwanza ni wanafunzi wote. *Thee* ni Simoni peke yake. Kiingereza cha leo huandika *you* pande zote mbili na jambo linapotea, ila mfasiri akiongeza maelezo. Kiswahili hakipotezi chochote: "amewataka ninyi", kisha "nimekuombea wewe".

Thou ni lugha ya heshima?

Ni kinyume chake. Watu hufikiri ni ya heshima kwa sababu wanaisikia kanisani. Wakati wa Shakespeare, *you* ilikuwa imeanza kutumika kwa mtu mmoja anayestahiwa, na *thou* ikabaki kwa mtoto, mtumishi, mpenzi, rafiki wa karibu, na mtu unayemdharau. Katika kesi ya Sir Walter Raleigh mwaka 1603, mwendesha mashtaka Edward Coke alimtusi kwa kugeuza *thou* kuwa kitenzi: *I thou thee, thou traitor*.

Biblia ya King James haifuati adabu hiyo hata kidogo. Watafsiri wake walitumia *thou* kwa kila mtu mmoja, kwa sababu Kiebrania na Kigiriki vinatofautisha umoja na wingi. Mungu anaitwa *thou*, na Shetani naye anaambiwa *get thee hence*.

Katika tamthilia, chunga mahali mhusika anapobadilisha. Katika *Hamlet* ya Shakespeare, Malkia anamwambia Hamlet, *Hamlet, thou hast thy father much offended*. Ni mama akisema na mwanawe, na *thou* ni ya kawaida. Hamlet anajibu, *Mother, you have my father much offended*. Papo hapo mama anaiacha *thou*: *Come, come, you answer with an idle tongue*. Ugomvi umeanza, na umeonekana kwenye kiwakilishi kabla ya kitu kingine chochote. Ukitafsiri kwa "wewe" tupu utaupoteza. Itabidi uutafutie njia nyingine, kwa mfano "mwanangu" katika mstari wa kwanza na kuliondoa neno hilo katika wa tatu.

Vitenzi vyenye -est na -eth vinafanyaje kazi?

*-est* hufuata *thou* peke yake: *thou knowest*, na wakati uliopita *thou knewest*. *-eth* hufuata nafsi ya tatu umoja, yaani ni *-s* ya leo: *he knoweth* ni *he knows*. Shakespeare hutumia zote mbili, wakati mwingine kwa ajili ya mizani ya shairi tu.

Yasiyofuata kanuni ni machache, na yanafaa kukaririwa: *thou art*, *thou wast* au *wert*, *thou hast*, *hadst*, *dost*, *didst*, *shalt*, *wilt*, *canst*. *Must* haibadiliki. Amri haina kiambishi chochote: *go thou*.

Sambamba na hayo, zoea maswali na ukanushaji bila *do*, kama *what say you?* na *I know not*, pamoja na *is* mahali pa *has* kwa vitenzi vya mwendo: *he is come*, *he is risen*.

Kwa nini chumvi inaitwa "his"?

Mathayo 5:13 inasema chumvi ikipoteza *his savour*. Chumvi haikugeuzwa kuwa mwanamume. *Its* lilikuwa neno jipya mno mwaka 1611, na mmiliki wa *it* alikuwa bado *his*. Katika matoleo ya leo ya King James, *its* hupatikana mara moja tu, Walawi 25:5, na hata hapo toleo la 1611 lilikuwa na *it*.

## Maneno yanayodanganya

Ni maneno gani yanayopotosha wasomaji zaidi?

Si yale mageni. Ukiona *peradventure* utafungua kamusi na kukuta ni "labda", mambo yamekwisha. Hatari ni neno unalolijua tangu darasa la nne ambalo wakati huo lilikuwa na maana nyingine. Hufungui kamusi kwa sababu huna shaka. Haya ndiyo tunayoona yakikosewa mara nyingi:

*Prevent* lilikuwa "kutangulia". Paulo anaposema katika 1 Wathesalonike 4:15 kwamba walio hai *shall not prevent* waliolala, hasemi juu ya kuwazuia. Anasema hawatawatangulia.

*Suffer* lilikuwa "kuruhusu" pamoja na "kuteseka". *Suffer the little children to come unto me* ni "waacheni watoto waje kwangu".

*Conversation* lilikuwa mwenendo mzima wa mtu. Mahubiri kadhaa juu ya ulimi yamejengwa kwenye 1 Petro 3:1–2, mahali ambapo hapazungumzii maongezi hata kidogo.

*Quick* lilikuwa "hai". *The quick and the dead* ni walio hai na wafu. Maana hiyo imejificha bado katika *quicksand*, mchanga unaotembea, na katika *the quick*, nyama laini chini ya ukucha.

*Presently* na *by and by* zote zilikuwa "sasa hivi". Binti wa Herodia, Marko 6:25, anataka kichwa cha Yohana *by and by in a charger*. Anakitaka papo hapo, na *charger* ni sinia, si farasi wa vita wala kifaa cha simu.

*Charity* katika 1 Wakorintho 13 ni upendo, si sadaka. *Ghost* ni roho. *Bowels* ni matumbo, lakini pia ni huruma. Mswahili mwenye kujua "uchungu wa tumbo" la mama hashangai. *Carriages* katika Matendo 21:15 ni mizigo waliyobeba. *Naughty* lilikuwa "-ovu" au "-sio na thamani", ndiyo maana Yeremia 24:2 ina tini zilizo *naughty*. *To ear* ni kulima, 1 Samweli 8:12.

Nje ya Biblia, *nice* lilianza kama "mjinga", kutoka Kilatini *nescius*, asiyejua. *Silly* lilikwenda upande wa pili: mwenye heri, kisha asiye na hatia, kisha mnyonge, mwisho mpumbavu. *Girl* lilikuwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. *Deer* lilikuwa mnyama yeyote, na tamthilia ya *King Lear* bado inataja panya na *such small deer*. *Bootless* katika Shakespeare ni "bila faida", halihusu viatu.

"Corn" katika Biblia ni mahindi?

Haiwezi kuwa. Mahindi ni zao la Amerika, na nje ya bara hilo hayakujulikana kabla ya safari ya Columbus ya 1492. Katika Kiingereza cha Uingereza *corn* ni nafaka kwa jumla, hasa ile kuu ya mahali husika: ngano Uingereza, oti (*oats*) huko Uskochi. Wamarekani ndio waliolifunga neno hilo kwenye mahindi. Wanafunzi wa Yesu waliokwanyua *ears of corn* walikwanyua masuke ya ngano au shayiri, na mchoro wa watoto wa jumapili unaowaonyesha na mahindi ya kuchoma umepotea njia.

*Meat* nalo lilikuwa chakula chochote. Soma *meat offering* katika Walawi 2: viungo vyake ni unga mwembamba, mafuta na ubani, nyama haipo kabisa.

Juliet anamtafuta Romeo yuko wapi?

Hapana. *Wherefore* ni "kwa nini". *Wherefore art thou Romeo?* maana yake ni kwa nini wewe uwe Romeo, mtoto wa nyumba ya maadui zetu. Romeo yuko chini pale bustanini na Juliet hajui. Mwigizaji anayechungulia gizani kama anayemtafuta mtu amelisoma neno vibaya, na mistari inayofuata juu ya jina na uzito wake inakosa mahali pa kushika.

Hither, thither, whither, hence, thence, whence: nitazikumbukaje?

Tazama mwisho. *-ither* ni kuelekea, *-ence* ni kutoka. Tazama mwanzo. *h* ni hapa, *th* ni pale, *wh* ni swali. Basi *hither* ni kuja hapa, *thence* ni kutoka pale, *whither* ni kwenda wapi. *From whence*, linalolaumiwa na baadhi ya walimu kwa kurudia "kutoka", limo katika King James lenyewe: *from whence cometh my help*, Zaburi 121.

"The sixth hour" ni saa ngapi?

Ni saa sita mchana. Saa za Biblia huhesabiwa tangu jua kuchomoza, sawasawa na zetu, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili husoma moja kwa moja bila kukokotoa. Giza la Mathayo 27:45 lilikuwa tangu saa sita hadi saa tisa. Waingereza ndio wanaobabaika. Hata msemo wao *the eleventh hour*, dakika za mwisho, umewapotelea mzizi: ni wale vibarua wa Mathayo 20 walioajiriwa saa kumi na moja jioni, jua linakaribia kuzama. Na *noon* lenyewe limetoka Kilatini *nona*, saa tisa. Lilisogea hadi saa sita katika Zama za Kati.

## Hati za sheria

Kwa nini mikataba na sheria zetu zina maneno haya?

Kwa sababu sheria za Uingereza zilipokewa kwa tarehe maalumu. Kwa Kenya, sheria za Kiingereza za matumizi ya jumla ni zile zilizokuwapo 12 Agosti 1897. Kwa Uganda tarehe ilikuwa 11 Agosti 1902. Kwa Tanganyika 22 Julai 1920. Lugha ilikuja na mzigo huo. Wanasheria nao hawapendi kubadilisha maneno ambayo mahakama zimekwisha kuyatolea tafsiri.

*Here-* ni "hati hii": *hereof* ni "ya hati hii", *hereinafter* ni "kuanzia hapa kwenda mbele katika hati hii". *There-* ni "kile kilichotajwa sasa hivi". Ukishika hayo mawili, kumi mengine yanafunguka. *Witnesseth* ni kitenzi chenye *-eth*, na mtendaji wake ni mkataba wenyewe: "mkataba huu unashuhudia kwamba". *Know all men by these presents* haina zawadi yoyote ndani yake. *These presents* ni hati hii iliyopo. *To wit* ni "yaani". *Messuage* ni nyumba pamoja na uwanja na vibanda vyake.

Ukitafsiri, sema "Mkataba huu" mara moja na uyaache ya *here-* yafe. Kisichofaa kuguswa ni istilahi zilizopewa maana katika kifungu cha fasili, hata zikionekana za kizamani.

"Null and void", "last will and testament": kwa nini kila kitu mara mbili?

Waandishi wa hati baada ya 1066 waliishi kati ya Kiingereza, Kifaransa na Kilatini, na kuweka neno la kila upande ilikuwa kinga. *Will* ni la Kiingereza, *testament* ni la Kilatini. Uzito wa sauti nao ulichangia: maneno mawili yananguruma kuliko moja.

Kwa Kiswahili, "batili" inatosha, na "wosia" unatosha. Hata hivyo usifinye kila jozi. *Right, title and interest* ni vitu vitatu, haki, hatimiliki na maslahi, na mteja anaweza kuuza kimoja bila vingine.

Pasipoti inaposema "without let or hindrance", inaruhusu au inazuia?

Inaomba mwenye pasipoti apite bila kuzuiwa. Hii ndiyo ile *let* ya kuzuia. Imo katika pasipoti ya Uingereza na katika za baadhi ya nchi zilizorithi maneno yake. Hamlet, wenzake wanapomshika asiufuate mzimu wa baba yake, anaapa kumfanya mzimu yeyote *that lets me*, yaani atakayenizuia. Mchezo wa tenisi nao umeihifadhi: mpira wa kuanzisha ukigusa wavu kisha ukatua mahali pake, mwamuzi husema *let* na unapigwa upya.

## Fedha na vipimo

Shilingi ya zamani ya Uingereza ilikuwa na senti mia?

La. Shilingi yao ilikuwa na peni 12, na pauni ilikuwa na shilingi 20, yaani peni 240. Mfumo huo ulidumu hadi 15 Februari 1971. Shilingi ya Afrika Mashariki ndiyo iliyogawanywa kwa senti 100. Katika hesabu za kale, peni huandikwa *d*, kutoka Kilatini *denarius*. *Farthing* ni robo peni, *groat* peni 4, *crown* shilingi 5, *guinea* shilingi 21.

Na urefu na idadi?

*Span* ni shubiri, inchi 9. *Cubit* ni dhiraa, takriban inchi 18. *Fathom* ni pima, futi 6, karibu mita 1.83. *Furlong* ni mita 201. *League* ni kama maili 3. *Score* ni ishirini, hivyo *threescore years and ten* ya Zaburi 90 ni miaka sabini. *Sennight* ni siku saba, na ndugu yake *fortnight*, siku kumi na nne, bado yupo.

## Kusoma chapa za kale

"Ye Olde" hutamkwaje?

Hutamkwa kama *the*. Kiingereza cha Kale kilikuwa na herufi þ kwa sauti ya *th*. Katika mwandiko wa mkono ilifikia kufanana na *y*, na wachapishaji ambao hawakuwa nayo katika seti zao wakaweka *y*. *Ye* hii haina uhusiano wowote na *ye* ya "ninyi". *Olde* yenye *e* mwishoni kwenye vibao vya baa ni pambo la kuvutia watalii.

Kwa nini kila "s" inaonekana kama "f"?

Ni *s* ndefu, ſ. Ilitumika mwanzoni na katikati ya neno, na *s* ya kawaida mwishoni. Iliachwa na wachapishaji kuelekea mwaka 1800. Itazame kwa karibu: kistari cha katikati hakipo, au kipo upande wa kushoto tu, wakati *f* halisi hukatwa pande zote. Programu za kusoma picha hukosea sana hapa. *Wiſe*, mwenye hekima, hutoka *wife*, na sentensi bado inaonekana kuwa na maana. Ukinakili maandishi ya karne ya 17 au ya 18 kutoka mtandaoni, rudi kwenye picha ya ukurasa wenyewe.

Vilevile *u* na *v* zilikuwa herufi moja: *v* mwanzoni, *u* katikati. *Vnto* ni *unto*, *haue* ni *have*. *I* na *J* hali kadhalika. Chapa ya 1611 ina *Iesus*. Mstari mdogo juu ya irabu ni *n* au *m* iliyofupishwa.

Nitumie kamusi gani, na kwa utaratibu upi?

Kwanza rudisha tahajia ya leo kama ilivyoelezwa hapo juu. Pili, ondoa *-est* au *-eth*. Tatu, tafuta neno katika OED, na usome tarehe za mifano, si maana peke yake. OED hupanga maana kwa kufuata historia, ya kwanza ikiwa ndiyo kongwe, tofauti na kamusi za wanafunzi zinazoanza na iliyo maarufu. Chagua maana ambayo mifano yake inazunguka mwaka wa kitabu chako. Nne, tazama mwandishi huyohuyo amelitumia wapi kwingine.

Kwa maandishi ya kati ya 1100 na 1500, tumia kamusi ya Kiingereza cha Kati ya Chuo Kikuu cha Michigan, iliyo wazi mtandaoni. Kwa Kiingereza cha Kale, ni ya Bosworth na Toller. Kamusi ya Johnson ya 1755 na ya Webster ya 1828 ni za bure na nzuri kwa miaka yake, lakini watu huzitumia kusomea Biblia ya 1611 kana kwamba ni za wakati mmoja. Kati ya 1611 na 1828 kuna zaidi ya miaka mia mbili, na maana zilikwisha kusogea.

## Mambo ya pembeni

Kuna maneno yaliyokufa yanayoendelea kutumika bila watu kujua?

Mengi. *Kith* katika *kith and kin* ni watu unaofahamiana nao. *Shrift* katika *short shrift* ni maungamo: aliyehukumiwa kifo alipewa dakika chache za kutubu. *Went* ni wakati uliopita wa *wend*, na *go* ililipora. *Wer*, mwanamume, limo katika *werewolf*. *Mid*, "pamoja na", limo katika *midwife*, yule aliye pamoja na mwanamke. *Lord* lilikuwa *hlafweard*, mlinzi wa mkate, na *lady* ni *hlæfdige*, mkandaji wake.

Kiingereza kiliwahi kuwa na neno la kesho kutwa?

Kilikuwa nalo: *overmorrow*. Na juzi ilikuwa *ereyesterday*. Yote mawili yalitumika karne ya 16, kisha yakaachwa. Ukiyatumia leo utaeleweka kwa kubahatisha na kuonekana mchekeshaji. Kwa kazi yoyote ya maana, andika kirefu kama wao.

Nataka kuandika kadi ya harusi kwa mtindo huu. Nichunge nini?

Kosa kubwa ni kumwaga *-eth* kila mahali. *I inviteth* na *we cometh* hazikuwahi kuwapo. Kosa la pili ni *thou art invited* kwa mume na mke: hao ni wawili, andika *ye are*. La tatu ni *thine* kabla ya konsonanti, *thine presence*. Sahihi ni *thy*. La nne ni *didst* pamoja na kitenzi kilichopita: *thou didst come*, si *didst came*. Na kama ilivyosemwa juu, *thou* kwa mzee anayeheshimika si adabu. Mzee mwenye kuijua lugha atagundua.

Nikitafsiri kwa Kiswahili, nitumie Kiswahili cha kale?

Kwa kiasi, na mara nyingi hapana. Mwalimu Nyerere alipotafsiri *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi* katika miaka ya 1960, alichagua Kiswahili kinachoeleweka, akaacha mizani ibebe uzito. Ugumu wa kutumia "mato" kwa macho au "ndoo" kwa njoo ni kwamba msikilizaji hasikii wakati, anasikia mahali: Lamu au Mombasa. Mfalme wa Denmark ataonekana ametoka Amu. Uzee wa lugha unapatikana vizuri zaidi kwa mpangilio wa sentensi na kwa msamiati wa tenzi ambao umeenea pwani na bara.

Neno langu halimo katika kamusi yoyote. Nifanyeje?

Hakiki kwanza kama si kosa la chapa au la programu, hasa la ſ. Kisha angalia kama ni jina la mtu au mahali, au neno la lahaja. Kamusi ya lahaja ya Joseph Wright, iliyotoka kati ya 1898 na 1905, husaidia. Shakespeare pia ana maneno yanayopatikana mahali pamoja tu, na hapo muktadha ndio shahidi pekee.

Zikishindikana zote, huenda umekamata neno hewa. Kamusi ya Webster ya 1934 ilichapisha *dord* kwa maana ya msongamano katika fizikia. Asili yake ilikuwa kadi iliyoandikwa *D or d*, yaani D kubwa au ndogo kama kifupisho cha *density*, na mtu akaisoma kama neno moja. Lilikaa humo miaka kadhaa kabla mhariri hajaona kwamba halina asili ya neno wala mfano wa matumizi. Ukikuta neno lisilo na vitu hivyo viwili katika orodha za mtandaoni za "maneno mazuri yaliyosahaulika", liache hadi upate sentensi halisi yenye mwandishi na mwaka.